Sherehe ya Kukomesha Kikohozi

Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya kuuma masikio, na manyunyu hayakuwa yamekatika tangu alfajiri. Saa tatu kamili, Ofisi ya Uratibu wa Takwimu za Afya, Kanda ya Mashariki, iliwatangazia wananchi kwamba kikohozi kimekomeshwa. Tangu mwezi wa nne, kuanzia Pumwani hadi Donholm, hakuna mtoto hata mmoja aliyekohoa. Ripoti zilionyesha sifuri. Wananchi waliombwa kufurahi kwa utaratibu na kuhudhuria sherehe siku ya Ijumaa.

Kavinya alilisoma tangazo hilo kwenye ukuta wa ofisi hiyo kwa heshima zote, maana alikuwa mtu wa kuiombea serikali kila Jumatano. Hata hivyo, alilisoma mara ya pili. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati moja ya Donholm, mama wa miaka hamsini na mmoja ambaye wengi walimwita Mama Mumo, na baada ya miaka tisa ya masomo ya jioni alikuwa amekubaliwa kuanza shahada ya uzamivu katika sayansi ya data za afya. Mada yake ilikuwa kikohozi cha watoto wa Eastlands, mitaa hiyo hiyo. Chuo kilimpa sharti moja tu: alete kibali cha kutumia takwimu, kikiwa na sahihi, kabla ya saa kumi jioni Ijumaa hiyo hiyo. La sivyo, nafasi apewe mwingine.

Aliomba kimya kimya mlangoni, akaingia.

"Mathe, umechelewa," alisema Wacera wa mapokezi, akikohoa ndani ya skafu. "Kikohozi kiliisha."

"Na hicho chako, mwanangu?"

"Hii ni kusafisha koo tu. Tuliletewa memo."

Mkurugenzi, Bwana Bedan Wanyoike, alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akatamka kwamba bila utafiti taifa haliwezi kusonga.

"Lakini Mama Mumo, nitakupaje kibali cha kutafiti wagonjwa ambao ofisi haina? Huo utakuwa ufisadi."

"Mkubwa, wagonjwa wapo. Zilizoisha ni fomu, tangu mwezi wa nne. Fomu isipoletwa, kompyuta yenu inaandika sifuri."

"Na ninyi zahanati mlifanya nini?"

"Tulivyofanya siku zote. Tulichukua kauntabuku, tukapiga mistari kwa rula, tukaendelea kuandika. Mimi peke yangu nina watoto elfu mbili mia tatu na kumi na wawili."

Mkurugenzi alishika kifua. "Kwa rula! Mama, hao si wagonjwa, hao ni uvumi. Tena nakuonya: takwimu zisizo na kibali hazisomwi hadharani. Kifungu cha tisa. Nilikiandika mwenyewe."

"Basi nipe kibali."

"Cha wagonjwa gani?"

Kavinya alirudi Jumanne, akapewa fomu ya kuomba fomu. Jumatano alifunga kula. Alhamisi aliambiwa Mkurugenzi yuko kwenye mazoezi ya kukata keki.

Ijumaa saa nane, uwanja ulijaa viti vya plastiki na watu waliosikia kuna soda. Keki ilikuwa ya duara, yenye tundu katikati, kuwakilisha sifuri. Kavinya alikaa safu ya tatu, kauntabuku zake mapajani, akiombea saa isikimbie.

Mgeni wa heshima kutoka makao makuu, Bi. Koki Wathome, alisimama, akafungua barua.

"Makao makuu yanampongeza Bwana Wanyoike. Na kwa kuwa ugonjwa umekwisha, ofisi hii inafungwa Jumatatu. Mkurugenzi atahamia kaskazini, kilomita mia saba kutoka hapa, ambako watu bado wanakohoa."

Makofi yalilia. Mkurugenzi naye alipiga mawili kabla hajaelewa.

"Mheshimiwa, subiri kidogo!" alisema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Kikohozi bado kipo! Mama Mumo, njoo! Msomee mgeni wale watoto wako."

"Siwezi, Mkubwa."

"Huwezi vipi?"

"Kifungu cha tisa. Sina kibali."

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Sign, buda! Unangoja nini?"

Mkurugenzi aliweka karatasi ya kibali kando ya keki, akatia sahihi. Ilikuwa saa tisa na robo. Kavinya aliipiga picha, akaituma chuoni, akangoja huku midomo ikicheza kwa maombi. Simu ililia: kimepokelewa, karibu. Ndipo akafungua kauntabuku na kusoma, zahanati moja, mwezi mmoja mmoja. Alipomaliza hakuna aliyecheka.

"Naagiza fomu leo leo," Mkurugenzi alisema haraka.

"Fomu huchapishwa kulingana na wagonjwa waliosajiliwa robo ya mwaka iliyopita," Bi. Koki akamjibu. "Robo hii mtapata sifuri. Nikiiondoa barua hii ya uhamisho, hawa watoto wataandikwa na nani?"

Uwanja mzima ulimgeukia Mkurugenzi. Alitazama barua ya uhamisho, akatazama kaskazini, akashika kipaza sauti.

"Mimi, Bedan Wanyoike, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: kila asubuhi saa moja nitakuwa zahanati, chini ya huyu mama, nikipiga mistari na kuandika watoto kwa mkono wangu, mpaka fomu zitakapofika."

"Hatujasikia huku nyuma!"

Akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi.