Meno Yanayocheza Ngoma

Jumatatu, 6 Mei
Bosi anatafuta msanifu mkuu wa tovuti. Mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani, yule wa meza ya dirishani, kila mmoja atengeneze tovuti ya daktari wa meno. Watakayoipenda watu ndiyo itakayompa mwenyewe cheo.
Balaa! Mama mkwe anajua tangu mwaka jana kwamba cheo ninacho. Nilimwambia mwenyewe, tena kwa kuapa. Anakuja Ijumaa kuniona kazini.
Ukurasa wangu uko tayari. Rangi saba, mawaridi pembeni, maandishi yanayowaka na kuzima, meno thelathini na mawili yanacheza ngoma. Wa Miwani una jino moja na namba ya simu. Ukurasa kibogoyo!

Jumanne, 7 Mei
Bosi amesoma mahali kwamba mtu huamua tovuti ni nzuri kwa kufumba na kufumbua, sababu hutafuta baadaye. Basi watu waonyeshwe ukurasa chini ya sekunde, ufichwe, watoe alama kwa kumi. Nimejitolea kusimamia. Amenisifu kwa kujituma. Maskini bosi.
Mbinu yangu: wa Miwani, kufumba na kufumbua kweli. Wangu, dakika nzima, watu wafaidi.
Nilianza kwa kinyozi wa chini na wateja wake. Wa Miwani wameupa nane. Wangu, kinyozi aliuliza hayo meno yanagombania nini. Mteja mmoja alisema gego la mwisho linamtazama vibaya. Mwingine aliomba maji. Alama mbili!
Nimeichana karatasi ya alama zangu. Kesho naanza upya.

Jumatano, 8 Mei
Nimeng'amua. Kadiri wanavyotazama ndivyo wanavyoona kasoro. Basi wasitazame! Leo nimefungua na kufunga hapo hapo.
Fundi cherehani: tisa. Mlinzi: tisa na nusu. Muuza viatu: kumi! Amesema ukurasa umetulia, unapumua, msafi kama meno yenyewe. Nilitokwa na machozi. Hatimaye watu wenye macho.

Alhamisi, 9 Mei
Msiba. Ukurasa wangu, kwa uzito wa meno yale, unachukua sekunde nne kufunguka. Kabla ya hapo ni weupe mtupu. Hawakuona kitu! Kumi wameupa weupe!
Nimeumia, sifichi. Nilitaka kumwambia bosi ukweli. Nilifika hadi mlangoni kwake. Kisha nikamkumbuka mama mkwe. Nimempelekea alama na maoni ya watu.
Cheo changu! Meza ya dirishani yangu! Miwani amenipa mkono, akasema kwa maoni aliyosomewa, yeye asingethubutu kuacha nafasi tupu kiasi hicho. Nimemwambia ni kipaji.

Ijumaa, 10 Mei
Mama mkwe amefika na mkoba wake, mke wangu nyuma yake. Daktari naye amekuja kuona ukurasa ulioshinda. Bosi akabonyeza.
Weupe. Daktari akasema ni mzuri mno. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hajawahi! Nikanyoosha mkono niufunge. Bosi akanizuia, akasema acha tufaidi.
Meno yakaingia na ngoma yao.
Daktari aliuliza kama nina ugomvi na wagonjwa wake. Mama mkwe alimnong'oneza mke wangu, mnong'ono wa kusikika hadi ngazini, kwamba sasa anaelewa kwa nini nilikuwa sionyeshi kazi zangu. Cheo amepewa Miwani. Mimi nimehamishiwa meza ya karibu na choo.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Daktari alifurahi sekunde nne nzima. Mama mkwe pia. Shida ni kwamba ukurasa ulikuwa mwepesi mno!
Nimeongeza meno mia mbili na tarumbeta. Sasa unachukua dakika kumi na moja kufunguka. Daktari nimemwomba arudi Jumatatu. Na mama mkwe pia. Hana subira yule, dakika ya tano atakuwa ameshaondoka.