Koti la Daktari wa Macho

Jumatatu, 4 Machi

Nimetunga uzi kwenye sindano. Mara moja tu, bila kumwita mtu. Nikauchomoa, nikautunga tena. Mama watoto akauliza mbona nalia. Nikamwambia ni dawa ya matone.

Miaka miwili mtoto wa jicho amenitesa. Nilifikia hatua ya kumshonea mteja suruali yenye mifuko yote upande mmoja. Fundi niliyesifika mtaa mzima! Sasa jicho la kulia limefanyiwa upasuaji na naona hadi mbu ukutani. La kushoto ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Daktari ametoa masharti. Nisiiname, nisifikiche jicho, nisikae penye vumbi, cherehani nisiiguse mpaka aniruhusu. Daktari ni mama mpole, lakini akisema amesema. Nimeitikia yote.

Ila mtu amekurudishia macho, unamshukuru kwa mdomo mtupu? Haiwezekani. Koti lake jeupe limelegea bega moja, kola imechoka. Nitamshonea jipya.

Jumanne, 5 Machi

Amepita Chuma, jirani yangu, fundi wa kuchomelea. Mwaka jana cheche ilimwingia jichoni, daktari huyuhuyu akamwokoa. Kumbe naye ana shukrani zake. Anatengeneza benchi la wagonjwa, na atalipeleka Ijumaa hiyohiyo.

Nikamwambia kwa upole kwamba daktari hana muda wa kukaa kwenye benchi. Akajibu kwamba wagonjwa wanao. Sikuipenda sauti yake.

Koti lazima liwe tayari Ijumaa. Potelea mbali.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Nimesingizia matone yamekwisha. Nia ni vipimo, maana daktari huwezi kumzungushia futi kifuani huku wagonjwa wanatazama.

Bahati ikanijia. Alisimama koridoni akiongea na muuguzi, mgongo ukutani. Bega moja likagusa fremu ya mlango, la pili likaishia kwenye tangazo la kunawa mikono. Alipoondoka nikatoa futi, nikaupima ukuta.

Muuguzi akauliza nafanya nini. Nikasema nahakikisha kama jicho linasema kweli. Akanishika mkono taratibu, akanikalisha, akaniletea maji. Watu wema sana wale.

Jumamosi, 9 Machi

Mama watoto alikwenda kwa dada yake. Nikafunga mlango wa duka, nikafunua cherehani. Mguu wenyewe ukakumbuka kanyagio. Mshono umenyooka, sijawahi kushona hivi hata ujanani. Niliimba. Huenda ndiyo sababu mama watoto, aliyerudi mapema, alijua pa kunikuta.

Kasema mengi. Kubwa ni kwamba nikipofuka nisimwite kunionyesha choo kilipo. Nikamwonyesha kola. Akaishika, akaigeuza. Kisha akasema kwa kuwa maji yameshamwagika, tutasema yeye ndiye aliyeshona. Daktari akijua ukweli hatanigusa jicho la pili.

Mke mwenye akili ni hazina. Nimekubali. Leo jioni namalizia matundu ya vifungo kwa mkono.

Jicho linawasha kidogo. Vumbi la kitambaa tu.

Ijumaa, 15 Machi

Tumefika, benchi la Chuma limetutangulia. Limeshajaa watu. Nikapata nafasi pembeni, nikakaa kwa shingo upande. Ni benchi zuri. Naandika humu tu, simwambii.

Daktari akalivaa koti palepale. Lilimkaa! Mabega hayakuvuka hata unywele mmoja. Muuguzi akamzungusha ili wote waone, wagonjwa wakapiga makofi, hata wale waliofungwa macho. Nilijawa na raha.

Kisha daktari akamshika mama watoto mikono yote miwili. Akasema hajawahi kupewa kitu kizuri namna hii tangu aanze kazi. Akauliza matundu ya vifungo ameyafanyaje. Mama watoto akainamisha kichwa kwa haya, akasema ni mazoea tu.

Mazoea tu! Mwanamke huyu kifungo cha blauzi yake ananiletea mimi. Nikajikaza. Nikafikiria jicho la kushoto. Ningeweza kabisa kushinda, kama Chuma asingeongeza kwamba yeye siku zote alijua mama ndiye fundi hasa wa duka lile.

Ikanitoka. Nikasema koti hilo nimeshona mimi, kola mpaka pindo, kwa mikono hii na jicho hili.

Mama watoto akafumba macho. Daktari, ndani ya koti langu, akaniashiria niingie chumbani, akalichungulia jicho na taa yake. Jekundu. Chini ya kope akatoa kipande cha uzi mweupe, akanionyesha kwenye kibano.

Hakufoka. Aliuliza tu kama ningefurahi alivae koti hili akachochee mkaa. Nikasema hapana, hata kidogo. Akasema basi, jicho lile nalo ni kazi ya mikono yake. Nikaona aibu ya kweli. Upasuaji wa jicho la kushoto umeahirishwa mpaka hili la kulia litulie.

Nikiwa mlangoni nikamwuliza kama kwapani hapabani. Akasema hapabani. Nimerudi nyumbani na jicho moja, nikitembea kama bwana harusi.

Jumatatu, 18 Machi

Cherehani imehamishiwa kwa shemeji. Mkasi sijui uko wapi. Sina kinyongo.

Leo nilikwenda kukaguliwa jicho. Bibi mmoja alikuwa anafunguliwa bandeji. Daktari alimwinamia, akamwuliza anaona nini. Bibi akanyoosha kidole, akagusa kola, akasema anaona cheupe. Akaanza kucheka, binti yake akalia, daktari naye akajifuta shavu kwa mkono wa koti. Mkono niliokata mimi. Wangapi kila siku wanafunguliwa macho mbele ya mama huyu, na sisi tunapita tu mtaani hatujui. Nilikaa kwenye benchi la Chuma muda mrefu bila sababu.

Jicho linaendelea vizuri. Daktari amerudia masharti yake na kuniamuru nami niyarudie kwa sauti, mbele ya mama watoto. Nimeyasema yote bila kukosea.

Sasa, yule muuguzi. Ndiye aliyenishika mkono, akanipa maji, na nani amemshukuru? Hakuna. Pindo la sare yake linaning'inia nyuma, aibu tupu. Nimemnong'oneza aniachie sare, na sasa ninayo chini ya mto pamoja na sindano niliyoazima kwa jirani. Mama watoto yuko jikoni. Nikikaa karibu na dirisha mwanga unatosha.

Tena pindo si kushona. Pindo ni kurekebisha.