Mshale wa Mwezi Juu ya Paa

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwalimu Fortunata kaagiza darasa lichore mwezi siku tano mfululizo. Chiku, binti yangu wa miaka minane, akapanda moja kwa moja ghorofa ya tatu kumuuliza Ranjanben. Jirani! Na baba yupo sebuleni! Imeniuma. Mimi fundi saa, Kariakoo nzima wananijua. Nikampandisha paani. Saa 12:20 jioni, mwezi huo, mzima, pembeni mwa tangi la maji. Nikachora mshale ukutani kwa chaki: MWEZI, SAA 12:20. Chiku kapiga makofi. Ranjanben kwisha habari yake.

Jumanne, 7 Oktoba
Saa 12:20. Hakuna kitu. Chiku akauliza kama mwezi nao umekatika. Ukatoka saa moja na dakika kumi, tena kushoto kwa mshale! Ni Benedict tu, mlinzi, kasogeza tangi. Kakana. Eti lina lita elfu tano. Anajifanya hajui.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepima. Tangi halijasogea. Basi ni saa yangu. Nikaifungua, nikaisafisha, haina kosa. Mwezi ukatoka saa mbili kamili. Nikairudisha saa nyuma hadi 12:20, nikamwonyesha Chiku: umewahi! Akanitazama kwa huruma.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nyumbani tunafuata saa yangu. Chiku kafika shule saa mbili na dakika arobaini. Mwalimu Fortunata akapiga simu kuuliza mtoto wa fundi saa anachelewaje. Nikasingizia foleni, kisha nikairekebisha saa. Tunaishi Mchafukoge, shule iko ng'ambo ya barabara.

Nimeigundua siri ya Ranjanben: kalenda ya hekalu la Wahindu, ukutani jikoni kwake. Kesho anafunga, na hali chochote mpaka auone mwezi. Kalenda inasema saa 3:25 usiku. Karatasi! Nimewaalika watoto wote wa jengo, saa 12:20. Tutaona nani mjuzi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Walikuja kumi na mmoja. Kufika saa moja na nusu wameshashuka wote. Kabaki Chiku, nimemfunika koti langu. Saa 3:25 Ranjanben akapanda na sahani yake, watoto wote nyuma yake. Mwezi ukatoka. Akaumwagia maji kama dini yake inavyotaka, akasali, akagawa ladu, vitamu vyao vya mviringo. La kwanza akanipa mimi, akasema Baba Chiku naye amefunga tangu jioni. Nilitaka kukataa. Nimekula mawili.

Nikafungua daftari la Chiku. Siku tano, mwezi kila siku mahali pengine, na kando ya tangi mtu yule yule. Nikauliza ni nani. Akasema ni mimi. Mwezi unachelewa, akasema, lakini baba anausubiri kila siku. Nikageukia upande wa mtaa wa Gerezani, nikajifanya natazama mabasi ya mwendokasi. Machozi yalinitoka, siwezi kuficha.

Baba wa namna hii hakati tamaa. Nimefuta mshale wa zamani, nimechora mwingine: MWEZI, SAA 3:25. Nimewaambia watoto wote kesho wasichelewe hata dakika moja.