Mashine ya Kusaga Yapata Seva

Jumatatu, 7 Julai 2025

Habari kubwa! Chumba kilicho kando ya mashine ya kusaga, hapa Base Camp, katikati ya kambi yetu ya wakimbizi, kimebaki wazi. Bati jipya, kufuli ya kweli, umeme wa jua juu ya paa. Kamati ya mashine itampa mtu atakayeweza kumaliza vurugu za foleni ya Jumamosi. Magunia yanapotea, akina mama wanavutana vitenge, na Gad msagaji anajifanya haoni wala hasikii. Mtu wa kumaliza vurugu hizo ni mimi. Sioni mwingine.

Kwa sasa ofisi yangu ni turubai kati ya muuza mkaa na kinyozi. Nimeandika juu yake BUREAU INFORMATIQUE NESTOR, yaani ofisi ya kompyuta ya Nestor, ndiye mimi. Mvua ikinyesha wateja wangu wote hukimbilia kwa Herménégilde, mwenye duka la fotokopi, naye huwapokea kana kwamba mvua ameileta yeye. Nasikia anakitaka chumba kile kile. Atapeleka vikaratasi vya namba alivyochapisha kwa printa yake. Vikaratasi! Zama hizi!

Mimi nitaweka seva. Kwa wasiojua, yaani kambi nzima: ni programu inayokaa ndani ya kompyuta, inakumbuka kila mtu na gunia lake, na ukiiuliza inajibu. Mke wangu Vanessa aliuliza kwa nini nisikumbuke mwenyewe. Mke mwema sana, ila mambo makubwa humpita.

Jumanne, 8 Julai

Kompyuta yangu ni ya zamani lakini inatumia Ubuntu, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutengeneza apendavyo. Hakuna leseni, hakuna virusi. Herménégilde ana Windows ya wizi na virusi halali. (Nimeipenda sentensi hii. Nitaisema mbele ya kamati.)

Nikaketi chini ya turubai, nikaandika amri ya kuleta MariaDB, ndilo jina la seva. Kompyuta ikadai neno la siri. Nikaandika. Hakikutokea kitu. Hata nukta moja! Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Kibodi imekufa, tena wiki hii! Namshuku Herménégilde. Asubuhi alipita hapa na kikombe cha chai mkononi, akasimama karibu mno na kompyuta, akaniulizia mwanangu Gradi na wadogo zake. Tangu lini anawajali watoto wangu?

Jumatano, 9 Julai

Mbarara mjini, kwa fundi. Nilipata lifti kwenye lori la maharage hadi Kaberebere, kisha gari jingine, nimekumbatia kompyuta njia nzima. Fundi anaitwa Yonatani, ana kibanda nyuma ya soko. Nilimweleza kwa kirefu habari za kibodi, chai na tabia za Herménégilde. Alisikiliza huku anakula sambusa. Kisha akafungua ukurasa mtupu, akabonyeza herufi zote moja moja. Zote zikatokea.

"Sebo, hii kompyuta iko muzima," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Neno ya siri haionekani. Wewe andika tu, yeye nasikia."

Kumbe! Neno la siri hufichwa hata kwa mwenyewe. Nilimwambia nilikuwa najua, nilitaka tu kumpima. Akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua sambusa nyingine.

Kwa kuwa nimeshafika, nikatumia intaneti yake. Seva ikashuka, ikajipanga yenyewe, ikaanza kuniuliza maswali ya usalama. Niwafute watumiaji wasio na majina? Ndiyo. Nifunge mlango wa wageni wa mbali? Ndiyo. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu, ndivyo nilivyolelewa. Mwishoni likatokea neno la kijani kusema seva inafanya kazi. Nilifurahi mpaka machozi. Yonatani aliniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 10 Julai

Mbele ya kamati. Mwenyekiti ni Mama Apollinarie, Mrundi, Mkatoliki anayesali rozari hata akipepeta maharage. Herménégilde alianza. Tai shingoni, vikaratasi mkononi, rangi tatu. Walivishika, wakavisifu. Nikaona chumba changu kinaondoka.

Nikasimama. Nikaeleza majedwali, safu, mahusiano kati ya jedwali na jedwali. Wajumbe wakaanza kutazama dirishani. Sentensi yangu ya Windows haikumchekesha mtu. Ndipo Mama Apollinarie akauliza huo mfumo wangu unaitwaje. Nikasema Ubuntu. Akainua uso. Kwa Kirundi hilo ni neno la utu na wema. Na hiyo seva? MariaDB. Akafanya ishara ya msalaba. Sikuona sababu ya kuongeza maelezo.

Nimepewa Jumamosi! Ikienda vizuri, chumba ni changu. Herménégilde alinipongeza kwa sauti ya kutoa rambirambi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetengeneza jedwali. Jina, namba, aina ya nafaka. Lakini seva inataka kila mtu awe na alama moja isiyofanana na ya mwingine, ili isimchanganye na jirani. Majina hayafai. Ukiita Grâce hapa kambini, nusu ya wasichana wanageuka. Nilizunguka mashine ya kusaga nikiwaza, na jibu likaja lenyewe. Namba ya simu! Watu wawili hawawezi kuwa na namba moja. Hiyo ni sayansi.

Nilimweleza Vanessa. Akauliza sisi tutaandika namba gani. Nikamwambia, ile ya Anne, mke wa mchungaji, kwani yetu haijapata chaji siku nyingi. Vanessa akaniuliza kama nimeisikia sentensi yangu mwenyewe. Wakati mwingine akili zangu humzidi.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi njema kabisa. Wa kwanza, bibi mmoja na mahindi. Jina, namba, mahindi. Imekubali! Wa pili Astère, jirani yetu Mrundi, ameleta mtama wa pombe ya ubatizo wa mjukuu wake. Seva ikakataa. Inasema namba hii imeshaandikwa. Nikamwita wa tatu. Imeshaandikwa. Wa nne vilevile.

Nikatazama vizuri. Wote wamenipa namba ya Anne! Nikawauliza kwa nini. Wakanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. Kwa mchungaji kuna umeme wa jua, simu ya Anne haizimi, ujumbe wa mtu yeyote unaingia kwake naye anaufikisha. Mimi mwenyewe si ninaitumia? Foleni ikaanza kunung'unika. Herménégilde alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatabasamu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na mashine. Iko amri nyingine. Seva ikikuta namba ile ile, inafuta yaliyokuwepo na kuandika mapya. Nikaitumia. Ikakubali kila mtu! Foleni iliisha upesi kuliko Jumamosi yoyote. Mama Apollinarie alinishika mkono. Herménégilde alikwenda zake bila kuaga. Nilianza kupima kwa macho mahali pa kutundika kibao changu.

Kisha Gad akaja kuuliza gunia lipi ni la nani. Nikaiuliza seva. Ikajibu papo hapo. Kuna mtu mmoja tu. Tuyisenge, mihogo. Huyo ndiye aliyeandikwa wa mwisho, mzee mpole aliyeleta mihogo kwenye ndoo.

Gad aliyatazama magunia yaliyorundikwa hadi dirishani. "Papa Gradi, hapa kuko batu mingi," alisema. "Gunia yote ni ya Tuyisenge yeye moja?"

Hapo ningeweza kusema jambo lingine. Nikasema kompyuta haikosei. Gad ni mtu wa kutii wakubwa. Akamwaga vyote pamoja, mahindi, mihogo, mtama wa ubatizo, akawasha. Mzee Tuyisenge alipoonyeshwa mlima wa unga wake, alikana kwa hofu kwamba amewahi kulima.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda ibadani. Afya.

Vanessa alikwenda. Baada ya ibada na misa watu walikutana kwenye mashine wakagawana unga kwa mabakuli, kila mmoja akipokea kadiri alivyoleta. Kelele zilikuwepo, anasema, lakini hakuna aliyepigwa, na aliyetafutwa hakuwepo. Akasonga bugali. Rangi ya udongo. Nikaonja kwa woga.

Tamu! Tamu kweli! Mahindi yanashika, mihogo inalainisha, mtama unaleta harufu. Majirani waliotoka Kivu walikuwa wanausifu kwa sauti iliyofika mpaka huku. Hata Astère, aliyeapa kunishtaki, wakwe zake walimaliza sufuria nzima wakaomba tena. Pombe ya ubatizo hakuna, ila nimesikia kuna juisi.

Jioni akaja Mama Apollinarie mwenyewe. Nikasimama wima. Alijaribu kuwa mkali, akashindwa, akacheka mpaka akaomba kiti. Kisha akatoa uamuzi. Chumba amepewa Anne. Namba yake wanayo watu wote, basi akae pale, achaji simu, awaite watu unga wao ukiwa tayari.

Niliumia. Naandika ukweli, niliumia sana, kwa sababu kile chumba nilikuwa nimeshakiishi kichwani, hadi mahali pa kuweka kiti cha mgeni. Baadaye nikakumbuka kwamba Herménégilde naye hakukipata. Mungu ni mwema. Nikaomba sahani ya pili.

Jumatatu, 14 Julai

Anne amenipa kona! Anasema hawezi kuchaji simu, kuita watu na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo naandika haya chini ya bati, na kibao changu kiko ukutani, kidogo nyuma ya mlango. Kamati imenivumilia Jumamosi moja zaidi, kwa sharti kwamba safari hii kila mtu atoke na unga wake. Nimewaambia walale usingizi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Seva haikuwa na kosa. Mimi pia sikuwa na kosa. Kosa ni la simu, kitu cha kuazimana. Inatakiwa alama ambayo mtu hawezi kumwazima jirani, iliyoandikwa kwenye kadi ya kila mkimbizi, na serikali inaitambua. Nimeipata. Tarehe ya kuzaliwa! Mwaka nimeuacha, akina mama hawapendi kuutaja. Siku na mwezi vinatosha.

Nimeanza na kadi za nyumbani. Mimi, tarehe moja Januari. Vanessa, tarehe moja Januari. Mama mkwe, tarehe moja Januari. Anne na mchungaji, tarehe moja Januari. Vanessa akaanza kunikumbusha siku tuliyofika mapokezi bila hati, na karani aliyechoka kuuliza akawa anajiandikia tarehe mwenyewe kwa kila mtu. Nilimwomba asinikatize. Ni sadfa nzuri, lakini haiwezi kuendelea. Foleni ina watu wengi, na mwaka una siku nyingi.