Viongezo vya Bure vya Bwana Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Programu ya kutengenezea jarida la shule imekwisha muda. Tangu asubuhi inadai ilipiwe upya, na mwalimu wa kompyuta kasema shule haina mpango huo mwaka huu. Timu ya jarida wamekaa kama wafiwa. Mimi rohoni nashangilia. Nisamehewe.

Sababu ni hii. Timu ya jarida hula chakula cha mchana pamoja kwenye meza ndefu ya chumba cha kompyuta, na hucheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani anagonga ukuta. Mimi hula kwenye ngazi za maabara. Tangu nihamie hapa sijawahi kukaa kwenye meza ile. Lengo langu: kiti kimoja. Hata cha pembeni. Hata kibovu.

Na silaha ninayo. Viongezo! Vile vijiprogramu vya bure unavyobandika kwenye kivinjari, vikafanya kazi ambayo wengine wanailipia. Kimoja kinasahihisha tahajia. Kingine kinakata na kuunganisha mafaili. Kingine kinafuta watu nyuma kwenye picha. Nimevikusanya muda mrefu, kama wenzangu wanavyokusanya marafiki.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea Mhariri. Ndiye mkubwa wa jarida, msichana wa darasa la juu yangu, kalamu haibanduki sikioni. Nilipanga sentensi tatu za heshima. Yaliyotoka: "Viongezo. Bure. Vyote." Akaniuliza kama nauza kitu.

Bingwa akadakia. Huyu ndiye mpanga kurasa wao, na baba yake humnunulia kila programu inayotoka. Akasema vya bure vina virusi, halafu akawatangazia wote kwamba Bwana Kimya, ndilo jina walilonipa, kaongea leo, waanue nguo, mvua inakuja. Wakacheka. Mhariri alicheka kidogo tu. Akasema wamekwama, acha nijaribu.

Jioni nikamsimulia mama mdogo, ninayeishi naye. Alikuwa anapinda gauni la mteja, pini mdomoni. Akasema sawa mwanangu, lakini si uende tu ukae nao?

Watu wazima hawaelewi teknolojia.

Jumatano, 5 Machi

USHINDI!

Nilifika shule kabla ya mfagizi. Kubandika kiongezo kimoja kimoja kwenye kila kompyuta ni utumwa, basi akili ikanijia: nikaingia kwa akaunti yangu mwenyewe kwenye kila mashine. Viongezo vikajileta vyenyewe, kama kuku walioona mtama. Nikaondoka kifua mbele.

Kufika mchana Mhariri alishaunganisha kurasa za michezo na kumfuta mtu aliyekuwa anapiga miayo nyuma ya mwalimu mkuu. Kiongezo cha tahajia kililichora shairi la Bingwa mistari myekundu juu mpaka chini. Nilikipenda kiongezo kile kama ndugu wa damu.

Halafu Mhariri akageuka akaniambia kesho nije kula hapa. HAPA! Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena. Akasema nisimchoshe.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba.

Nilikuwa nimekaa. Naomba iandikwe hivyo: nilikuwa nimeshakaa. Chakula bado kimefungwa. Bingwa akawasha projekta atuonyeshe ukurasa wa kwanza, akataka kutafuta namna ya kupanga safu mbili. Akaandika "jinsi ya". Kivinjari, kwa moyo wake wa kusaidia, kikamletea yote ambayo mwenye akaunti alishawahi kutafuta. Ukutani, herufi kubwa kama milango:

jinsi ya kusalimia watu bila kutoka jasho
jinsi ya kucheka kama watu wa kawaida
jinsi ya kula peke yako ukaonekana una shughuli

Bingwa akajaribu kwa lugha ya pili ya shule. Huko nako nilishapita, nikidhani wenye lugha hiyo wana majibu bora. (Hawana.) Na juu pembeni, ndani ya kiduara, picha yangu ya kitambulisho, macho yamenitoka.

Bingwa akayasoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mmoja alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mhariri akamwambia azime bwana, inatosha. Akazima alipomaliza.

Nikasema nimesahau kitu darasani. Ngazi za maabara zilikuwa baridi leo kuliko siku zote.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejitia mgonjwa. Mama mdogo akanigusa paji la uso, akasema homa hii imetokea shuleni. Hakuuliza zaidi. Akaniachia chai na mkate, akarudi kwenye cherehani.

Nikafungua kompyuta ili niiondoe akaunti yangu kule. Historia yangu ikawa na mambo ambayo sikuyatafuta mimi! Chumba kizima bado kinatumia akaunti yangu, na kila wanachotafuta kinanifikia huku. Mtu alitafuta "neno zuri la huzuni lenye silabi nne". Mwingine: "ukimcheka mtu na hukutaka unamwomba vipi msamaha". Mwingine: "mbona nina marafiki wengi na sina wa kuongea naye".

Nikataka kufunga, si haki kusoma ya watu. Ndipo nikaona ya juu kabisa: "bwana kimya ukiona hii jumatatu njoo ule na mimi. tuongee tu. mhariri".

Nimeitazama mpaka mama mdogo akauliza kama mashine imeganda. Nikasema hapana. Halafu nikawatoa wote kwenye akaunti.

Jumatatu, 10 Machi

Wikendi nzima nilijiandaa. Umeitwa na mtu, huendi hivi hivi. Nikapata kiongezo kipya cha bure: unakiandikia alichosema mtu, kinakupa cha kumjibu.

Mhariri alikuja peke yake chumba cha kompyuta, kabla ya wenzake, akakaa mbele yangu. Akasema pole kwa ya Alhamisi. Akasema yeye mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa anakula chooni, mlango kaukomea, na hajawahi kumwambia mtu. Maneno mazito! Hayo si ya kujibiwa ovyo. Nikamwomba asubiri kidogo, nikayaandika. Kiongezo kikazunguka. Mtandao wa shule, unaujua. Akaniuliza nafanya nini. Nikaliandika na hilo. Kikazunguka. Alikula nusu ya chakula chake, akafunika, akasema haya basi, siku nikiwa na nafasi nimwambie. Akaenda.

Jibu likaja mlango ulipojifunga: "Pole sana. Hata mimi."

Jibu zuri mno! Nimelisoma kwa sauti, nikiwa nimekielekea kiti chake. Kasoro ni kasi tu. Nimeshaona kingine, nyota tano, kinafanya kazi hata bila mtandao. Nakishusha sasa hivi.