Redio Iliyolia Ikiwa Imezimwa

Jumapili, 6 Machi 1988

Mzee Absalom anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti cha mkuu wa kituo kitakuwa wazi! Tuko wawili tunaoweza kukikalia: mimi, Injinia Gordon Oduor, na Wabwire wa Port Victoria, mtu anayepima chumvi kabla ya kuinyunyiza kwenye ugali. Kazi yetu ni moja. Serikali hutuletea redio, pasi na taa, nasi tunazitesa mpaka tujue zitadumu au zitamwaibisha aliyezinunua. Afisa kutoka Nairobi, Bi. Nakhungu, atakuja Jumanne ya wiki ijayo kuchagua kati yetu.

Mkono mtupu haulambwi. Nimemwalika Mzee chakula cha mchana baada ya kanisa. Benta, mke wangu, amekwenda na binti yetu Awuor Ahero kwa mama yake kuvuna mpunga, kwa hiyo jiko ni langu. Nilimkamata kuku wa kwanza niliyemkuta nyuma ya jiko. Alikuwa ametulia kabisa, hata hakukimbia. Nikajisifu kwa wepesi wangu.

Nyama ilikuwa kidogo mno. Mzee alitafuna paja kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kuku naye amefunga Kwaresma. Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.

Alipoondoka nikaenda kutupa manyoya, ndipo nikaona kwa nini hakukimbia. Kapu. Mayai. Alikuwa analalia! Tena si kuku hivi hivi. Ni kuku aliyeletwa na mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, akasema uzao wake utajaza boma langu. Benta anarudi wiki ijayo. Akisikia nimemchinja kuku wa mama yake ili nimlishe bosi, nitahamia kwa Wabwire.

Mayai yalikuwa bado ya moto. Nikafikiri kama injinia. Joto. Unyevu. Kugeuza. Kituoni tuna kabati la joto la kutesea redio, na linaweza kushika joto lile lile wiki nzima bila kuyumba. Nikayafunga mayai kwenye leso ya Benta, nikapanda baiskeli taratibu kama niliyebeba mtoto mchanga. Askari wa lango aliuliza nimebeba nini. Sampuli, nikamwambia. Sikudanganya.

Jumatatu, 7 Machi

Tatizo. Ndani ya kabati kuna redio za kiwanda kimoja, na kanuni inataka zikae kwenye nyuzi hamsini na tano. Kwa joto hilo mayai yangu yatachemka. Nimeteremsha hadi thelathini na nane. Wabwire akaliona hilo kabla hajavua hata kofia. Akauliza mbele ya Mzee ni nani aliyelipoza kabati.

Ah, akili yangu! Nilisema hamsini na tano ni joto la jangwani, liliandikwa na watu wasioijua Kisumu. Mwananchi wetu anasikiliza redio yake pale Mamboleo, ndani ya kibanda cha mabati, kwenye joto lenye jasho. Tupime joto la mwananchi! Kisha nikaingiza bakuli la maji kabatini, liwakilishe ziwa.

Mzee alisimama. Alisema hii ndiyo fikra wanayoitafuta Nairobi. Amekipa jina: Kipimo cha Oduor. Wabwire alinoa penseli yake mpaka ikabaki nusu.

Mayai yako chini kabisa, nyuma ya redio, ndani ya boksi nililoliandika "betri".

Jumatano, 9 Machi

Yai linataka kugeuzwa mara kwa mara. Nafungua kabati, naingiza mikono, nafunga. Wabwire ameanza kunichungulia. Leo aliuliza mbona nazipapasa redio. Nikamwambia redio ni kama mgonjwa, haipimwi kwa macho peke yake. Baadaye nilimkuta akiipapasa pasi.

Kisha stima ikapotea. Mvua ilikuwa imepiga nyanda za Kano usiku kucha. Jenereta tunayo, lakini dizeli ni ya dharura na Mzee ndiye anayeruhusu. Nilikimbia ofisini kwake nikihema. Nikamwambia kabati likipoa sasa, kila kitu kitakufa. Nililisema neno hilo kwa uchungu wa kweli hata Mzee akanishika bega. Jenereta ikanguruma, kwa ajili ya kabati peke yake. Feni zilisimama kituo kizima. Chai haikuchemka. Wabwire alikunywa maji baridi akinitazama.

Ijumaa, 11 Machi

Mzee amempigia simu Bi. Nakhungu kumsimulia Kipimo cha Oduor. Amesema mama huyo atapenda kukiona. Kwisha kazi! Mzee alipotoka kwenda msalani nilikikalia kiti chake. Kinanitosha vizuri. Nikajaribu sauti ya mkuu: "Wabwire, niletee faili." Wabwire alikuwa amesimama mlangoni. Aliniletea faili, masikini, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

Jumatatu, 14 Machi

Maafa! Lakini maafa matamu!

Asubuhi Wabwire alikuja mbio. Redio zinalia ndani ya kabati! Tukaenda na Mzee, tukabandika masikio mlangoni. Kweli. Piu, piu. Mimi nilijua mara moja: vifaranga wameanza kuongea ndani ya maganda. Wabwire hakujua. Mtu aliyekulia Port Victoria, kuku wakilala chini ya kitanda chake, akisikia kifaranga leo anasema ni hitilafu ya spika. Masomo haya yanatuharibu.

Alileta mashine ya kuonyesha mawimbi, akaweka maikrofoni mlangoni, akauchora ule mlio kwa rula. Akachomoa nyaya zote zinazopeleka umeme kwenye redio. Zikaendelea kulia. Tena zikazidi! Machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Mzee," akasema, "hii kitu haijawahi kuonekana. Redio inalia na haina stima!" Alitaka kufungua mlango pale pale. Nikamzuia. Nikasema ushahidi usiguswe mpaka Bi. Nakhungu auone. Akakubali, akasahau kwamba mimi ninaufungua mlango huo kutwa nzima.

Hapo mpango ulikuja wenyewe, hata sikuutafuta. Kesho alfajiri nawatoa vifaranga. Bi. Nakhungu anafika. Wabwire anamwambia redio zinalia bila umeme. Kabati linafunguliwa. Kimya! Nani atampa kiti mtu anayesikia sauti zisizokuwepo?

Nikampigapiga Wabwire begani, nikamshauri ajiandae vizuri, aseme kila kitu, asipunguze hata chembe. Aliguswa. Alisema alikuwa ananidhania vibaya.

Jumanne, 15 Machi

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Niliwahi. Karibu wote walikuwa wametoka kwenye maganda, wengine bado wamelowa, mmoja amekaa juu ya redio kama meneja. Nikawatoa mmoja mmoja nikiwabembeleza, njooni, njooni kwa baba. Hapo ndipo nilipojichongea. Kifaranga aliyetoka kwenye yai hufuata kile anachokiona na kukisikia kwanza, akakiita mama. Nikawalaza kwenye droo kubwa ya meza yangu, juu ya leso. Nikinyamaza, wanalia. Nikiongea, wanatulia. Nikagundua hayo Bi. Nakhungu akiwa tayari anashuka garini.

Ni mama mrefu wa Bungoma, mwenye miwani na maneno machache. Aliketi mbele ya meza yangu. Wabwire akasimama na michoro yake, akaanza. Nami nikaanza. Kila alipovuta pumzi, nilijaza pengo. Nilieleza Kipimo cha Oduor. Nilieleza unyevu wa ziwa. Nilieleza jinsi omena, dagaa wetu wa ziwani, wanavyokauka, na tofauti ya mabati mapya na yaliyoshika kutu. Kabati lilifunguliwa: kimya kama nilivyopanga! Wabwire aliligonga, akaliinamia, akaita "halo" ndani yake. Mzee Absalom alitazama pembeni kwa aibu. Kiti kilikuwa changu. Kilikuwa changu kabisa, ila sikuweza kufunga mdomo. Nilikuwa nimefika kwenye bei ya misumari.

Bi. Nakhungu akavua miwani. "Bwana Oduor," akasema, "hebu pumzika kidogo."

Nikapumzika.

Piu. Piu piu piu.

Wabwire aliruka. "Ndiyo hiyo, Madam! Ndiyo hiyo! Na redio ziko kule, sauti iko huku. Inasafiri!"

Bi. Nakhungu hakuzitazama redio hata kidogo. Alisema kwao sauti hiyo inajulikana, akaivuta droo yangu. Vifaranga walimwangalia, hawakupendezwa naye, wakajirusha sakafuni mmoja baada ya mwingine na kuja mbio kwenye viatu vyangu. Nikahamia upande wa dirisha. Wakahamia. Nikarudi. Wakarudi.

Mzee Absalom aliuliza kwa sauti ndogo kama yule kuku wa Jumapili ndiye mama yao. Nikatazama dari.

Niliulizwa kama nina la kusema. Nikasema kabati linaloweza kuangua mayai ni kabati la kutegemewa. Bi. Nakhungu akakubali. Alisema ndicho chombo pekee alichokiona kikifanya kazi sawasawa katika kituo hiki. Kisha akampa Wabwire kiti. Alisema Wabwire amekosea, lakini ameripoti alichosikia kama alivyokisikia. Mimi nilijua ukweli nikauficha kwenye droo. Redio zitapimwa upya kwa nyuzi hamsini na tano. Hakuna tena Kipimo cha Oduor.

Iliniuma. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilikuwa nimekishika. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia. Nje ya mlango nao wakalia.

Alhamisi, 17 Machi

Benta amerudi na gunia la mchele. Alinikuta natoka chooni kwenda langoni, vifaranga nyuma yangu kwa mstari. Aliweka gunia chini. Akauliza mama yao yuko wapi. Nikajaribu mzaha, nikasema mama yao ni mimi.

"Baba Awuor, usinichezee. Kuku ya mama iko wapi?"

Nilimweleza yote: Mzee, kabati, droo, kiti. Alisikiliza mikono kiunoni. Nilitegemea matusi. Badala yake alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, na kicheko hicho kiliniumiza kuliko matusi. Alipomaliza akatoa hukumu: mama hulala na watoto wake. Nitalala jikoni mpaka waote manyoya. Na mama mkwe anakuja Pasaka, hasa kumwona kuku wake.

Jikoni kuna moshi. Vifaranga wanapenda kwapa langu la kulia.

Jumatatu, 21 Machi

Mzee ameondoka mapema kumalizia likizo yake, na Wabwire ameingia ofisini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuniita. Aliongea kwa upole, na hilo ndilo linaloudhi. Alisema hana kinyongo. Alisema mayai ni marufuku kituoni, hata ya kuchemsha. Kisha akanihamishia chumba cha maji, kule nyuma, tunakozamisha taa za wavuvi kuona kama zinavuja. Hakuna anayekuja huko. Anadhani ameniadhibu.

Nilikubali kwa unyenyekevu. Nilimwambia nimejifunza, na kwamba mtu huyu aliyesimama mbele yake si Oduor yule wa zamani. Aliguswa tena. Mtu mwepesi kuguswa kama huyu hatadumu kwenye kiti kile.

Nikaenda nikafungua chumba cha maji. Mungu wangu! Tangi refu kuliko kitanda. Maji safi. Pampu ya kupuliza hewa. Kirekebisha joto. Na mlango una kufuli, na ufunguo ninao mimi!

Nimekaa pale mchana kutwa nikitafakari nilikokosea, na nimepata jibu. Sikukosea mpango. Nilikosea mnyama. Nimeshaongea na mvuvi mmoja, kesho ataniletea samaki, ngege wachanga debe zima. Ngege, hata akupende namna gani, halii.