Malewa Yenye Kwato

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Mbale.
Daktari kasema gegedu la magoti yangu limelika, na uzito wa mwili unazidi kulisaga. Kaagiza nile maharage, mboga za majani na samaki. Nipunguze nyama, mafuta na sukari. Nilimweleza kwa upole: bawaba ikichakaa huwekwa bawaba nyingine. Goti kwa goti! Dawa ni molokoni, kwato na magoti ya ng'ombe yaliyochemshwa hadi yakanata. Akacheka. Mimi, mkuu wa gereza mstaafu!
Jumamosi mjukuu wetu anaanza kucheza imbalu, ngoma ya tohara. Babu ndiye huongoza ngoma. Nikichechemea, fimbo ya kuongozea itakwenda kwa binamu yangu Cleophas. Kamwe!

Jumatano, 7 Agosti.
Mke wangu Maximilla kaficha hata siagi. Haidhuru. Nimepatana na Nulu, mwenye hoteli hapa Nabuyonga: nikiagiza malewa, alete molokoni. Nani atashuku machipukizi ya mianzi? Nimekula mabakuli mawili. Nyumbani nikayasifu sana malewa ya Nulu. Maximilla akafurahi. Nikaona haya kidogo. Kidogo sana.

Ijumaa, 9 Agosti.
Cleophas kapita, mwembamba kama ufito. Kauliza kama Afande anafanya mazoezi ya kucheza au ya kukaa. Nikamfafanulia kwamba unene ni akiba. Goti la kushoto linalia kama mlango wa seli. Dozi ndogo! Nimeongeza bakuli.

Jumamosi, 10 Agosti.
Balaa! Maximilla, kwa kutaka kunifurahisha, alimwagiza Nulu sufuria nzima ya "malewa ya Afande" kwa wazee wa ukoo. Nulu, mwaminifu mno, akatunza siri yetu. Kifuniko kikafunuliwa. Kwato! Maximilla akauliza tangu lini mianzi ya Mlima Elgon inavaa viatu. Cleophas akasema labda iliteremka yenyewe kuja kunitafuta.
Nikainuka kuwaonyesha faida ya tiba. Hatua chache tu, goti likakwama. Mjukuu wangu mwenyewe akanishika mkono, akanikalisha. Kisha akaondoka na ngoma, nyuma ya Cleophas. Fimbo yangu juu, mkononi mwake!

Jumapili, 11 Agosti.
Magoti yamevimba. Nimetafakari kwa utulivu na kugundua kosa: ng'ombe wa Nulu alikuwa mzee, magoti yake yamechakaa kama yangu. Imbalu hurudi 1998, na nina mjukuu mwingine. Kesho naenda Jinja. Nimemwambia Maximilla kwamba pale Bugembe yuko bingwa wa magoti.
Si uongo. Huyapika tangu alfajiri.